Kiendelezi kibovu kwenye VS Code: kukitoa bila kupoteza kazi yako

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, natumia VS Code, kihariri cha msimbo, kwenye laptopu ya Windows. Nilisakinisha kiendelezi (extension) cha kupanga msimbo, bando likakatika katikati, nikaongeza bando nikakisakinisha tena. Tangu hapo kihariri kinafunguka taratibu sana, na kila nikihifadhi faili la JavaScript mistari yote inapangwa upya na alama za nukuu zinabadilika. Nikakizima kile kiendelezi. Alama za nukuu zikaacha kubadilika, lakini nafasi za mwanzo wa mistari bado zinabadilika. Kwa hasira nikaingia kwenye folda ya viendelezi nikafuta folda yake kwa mkono. Sasa nikijaribu kusakinisha au kusanidua kitu chochote kinakuja ujumbe kwamba faili la package.json halisomeki. Rafiki yangu anasema nifute VS Code nzima nianze upya. Nifanyeje nisipoteze mipangilio yangu na mradi wa chuo? Na je, naweza kukisakinisha tena baadaye?

Jibu: Marahaba. Usifute VS Code. Naanza na hilo kwa sababu ushauri wa rafiki yako ndio unaotolewa kila mahali, nao humaliza bando bila kugusa tatizo lenyewe. Kwenye Windows, programu ya VS Code iliyosakinishwa kwa mtumiaji mmoja hukaa ndani ya %LOCALAPPDATA%\Programs\Microsoft VS Code. Mipangilio yako iko kwingine kabisa, %APPDATA%\Code\User. Viendelezi navyo vina makao yao, %USERPROFILE%\.vscode\extensions. Ukiiondoa programu kwa njia ya kawaida ya Windows, inaondoka ile folda ya kwanza tu. Utapakua upya, utafungua, na utakuta mistari bado inaruka na ujumbe uleule unakusubiri. Ni kupaka nyumba rangi ilhali nyoka yumo darini. Wanaosema walifuta kila kitu wakapona, mara nyingi walizifuta na zile folda mbili nyingine, na pamoja na ugonjwa wakatupa mipangilio yao, mikato ya kibodi na vipande vya msimbo walivyojitungia kwa miaka.

Sasa tuangalie dalili zako, maana umezieleza vizuri kuliko wengi. Unadhani una tatizo moja. Unayo matatu, na yamekutana tu kwa wakati mmoja: orodha ya viendelezi imeharibika, kuna mpangilio uliobaki nyuma unaoendelea kupanga mistari, na kihariri ni kizito. Kila moja lina dawa yake, na dawa ya moja haiponyi jingine.

Kabla ya kugusa chochote, linda kazi. Kama una mafaili ambayo hujayahifadhi, usibonyeze Ctrl+S, kwa sababu ndiyo inayochokoza ule upangaji. Kuna njia ya kuhifadhi bila kupanga: bonyeza Ctrl+K, kisha Ctrl+Shift+S. Kwenye orodha ya amri, ile inayofunguka kwa Ctrl+Shift+P, amri hiyo inaitwa "File: Save without Formatting". Watu wengi hutumia kihariri hiki miaka bila kujua kuwa ipo. Ukishahifadhi, nakili folda nzima ya mradi uiweke pembeni, kwenye flashi au hata kwenye Desktop kwa jina jingine. Nakili pia folda ile ya %APPDATA%\Code\User. Halafu fungua terminali (dirisha la kuandika amri) uandike:

code --list-extensions --show-versions > viendelezi.txt

Hapo utapata orodha ya viendelezi vyako vyote pamoja na namba za matoleo. Lolote likitokea baadaye, hutalazimika kukumbuka kwa kichwa ulikuwa na nini. Kama amri hiyo nayo italeta malalamiko ya package.json, usihangaike, fungua folda ya viendelezi upige picha ya skrini. Majina ya folda yenyewe yanatosha, kwani kila moja limeandikwa jina la mchapishaji, nukta, jina la kiendelezi, kistari, kisha toleo.

Tuanze na ujumbe wa package.json, kwa sababu bila kuuondoa huwezi kusanidua kitu. Ndani ya folda ya viendelezi kuna faili linaloitwa extensions.json. Hilo ndilo daftari la mahudhurio: VS Code huliamini hilo kwanza, kisha huenda kwenye folda ya kila kiendelezi kilichotajwa na kusoma package.json yake. Ulipofuta folda kwa mkono, jina lilibaki daftarini. Kila unapotaka kuongeza au kutoa kitu, kihariri kinapitia majina yote, kinafika kwa huyo aliyekwisha kuondoka, kinakwama. Ndiyo maana hata viendelezi visivyohusika vinakataa kusaniduliwa.

Njia ya upole ni kumrudisha kwanza kisha kumtoa kwa utaratibu. Funga madirisha yote ya VS Code, fungua terminali ya Windows yenyewe (si ile iliyo ndani ya kihariri), na utumie kitambulisho kamili cha kiendelezi:

code --install-extension mchapishaji.jina --force

code --uninstall-extension mchapishaji.jina

Hapo "mchapishaji.jina" weka kitambulisho halisi, kimo kwenye ukurasa wa kiendelezi hicho, na kimo pia ndani ya extensions.json. Viendelezi vingi vya aina hiyo ni vya megabaiti chache, kwa hiyo bando halitaumia.

Ikiwa hata amri hiyo inagonga ukuta uleule, basi hakikisha kihariri kimefungwa kabisa. Angalia kwenye Task Manager kusiwe na Code.exe hata moja, kisha badili jina la extensions.json liwe extensions-zamani.json. Usilifute. Ukifungua VS Code, itapitia folda zilizopo na kuandika daftari jipya lisilo na jina la aliyeondoka. Najua wapo wanaofungua faili hilo na kukata sehemu ya kiendelezi kimoja kwa mkono. Inawezekana, lakini faili lote huwa limeandikwa kwenye mstari mmoja mrefu, na alama moja ya mkato (,) iliyosahaulika inaharibu vyote. Kwa mtu aliyekwisha kukasirika mara moja, simshauri.

Ukiwa humo ndani utaona pengine folda zenye majina ya ajabu yanayoanza na nukta na kufuatiwa na herufi na namba ndefu. Hayo ni mabaki ya usakinishaji uliokatika. VS Code hufungua kifurushi kwenye folda ya muda kwanza, na kikikamilika ndipo huibadilisha jina kuwa la kudumu. Bando likikatika, au antivirusi ikishikilia faili mojawapo katikati ya kubadilisha jina, ile folda ya muda inabaki yatima. Kwenye Windows hali hii ya pili huja na neno EPERM kwenye ujumbe wa hitilafu. Kihariri kikiwa kimefungwa, hizo unaweza kuzifuta bila hofu. Faili liitwalo .obsolete liache. Humo VS Code inaandika viendelezi vilivyosaniduliwa ambavyo folda zake bado hazijafagiwa, kwa sababu haifuti papo hapo. Hungoja ufunge na kufungua. Mtu akisanidua, akaenda kuchungulia, akakuta folda bado ipo, hufikiri imeshindikana na kuanza kufuta kwa mkono. Nashuku wewe nawe ungefika huko hata kama ungesanidua kwa njia sahihi.

Ukitaka kukisakinisha tena na kikawa kinagoma palepale kila mara, kuna folda ya akiba iitwayo CachedExtensionVSIXs ndani ya %APPDATA%\Code. Vifurushi vilivyopakuliwa hutunzwa humo. Kifurushi kilichoharibika kikikaa humo, kinaweza kukurudisha kwenye shida ileile. Ifute yote, itajijenga upya.

Sasa mistari inayoruka. Hapa ndipo maelezo yako yalipotoa jibu lenyewe. Ulisema baada ya kukizima, alama za nukuu ziliacha kubadilika lakini nafasi za mwanzo wa mistari ziliendelea. Maana yake kiendelezi kilikwisha kunyamaza siku hiyohiyo. Anayepanga sasa ni VS Code yenyewe. Kihariri hiki kinakuja na wapangaji msimbo (formatter) wake wa ndani wa JavaScript, TypeScript, HTML, CSS na JSON. Yule wa JavaScript hurekebisha nafasi, na nukuu haziwi kazi yake. Alikuwapo siku zote akiwa amekaa kimya, mpaka ulipowekwa mpangilio wa kupanga kila unapohifadhi. Inawezekana uliwasha mwenyewe kwa kufuata maelezo ya kiendelezi, au kiendelezi kiliuandika bila kukuuliza. Kilipoondoka, amri ya kupanga ilibaki, na akapatikana wa kuitekeleza.

Bonyeza Ctrl+Shift+P, andika "Open User Settings (JSON)", ufungue. Tafuta mstari huu:

"editor.formatOnSave": true

Ugeuze uwe false, au uufute. Kisha tafuta neno defaultFormatter. Linaweza kuwepo peke yake, linaweza pia kuwa limejificha ndani ya mabano ya lugha fulani, mfano "[javascript]" au "[html]". Kwako nadhani halipo kwenye JavaScript, kwa sababu lingekuwepo na kuelekeza kwa kiendelezi kilichozimwa, yule mpangaji wa ndani asingechukua nafasi. Ungeona tu malalamiko kwamba mpangaji aliyechaguliwa hapatikani. Lakini likiwepo kwenye lugha nyingine, liondoe. Halafu pitia mistari yote inayoanza na jina la kiendelezi hicho. Kihariri chenyewe kitakusaidia: mipangilio isiyo na mwenyewe huonyeshwa kwa rangi iliyofifia, na ukiiwekea kishale itakuambia haijulikani. Kusanidua hakuifuti, kwa makusudi, ili ukikirudisha kiendelezi uikute.

Ukimaliza hapo usishangilie bado. Fungua folda ya mradi uangalie kama kuna folda iitwayo .vscode ndani yake. Ikiwepo, humo huenda mna settings.json nyingine, na hiyo ina nguvu kuliko ile yako ya jumla. Miradi ya kikundi ndiyo yenye mtego huu: mmoja wenu anaweka formatOnSave humo, anasukuma kwenye GitHub, na wote mnarithi. Vilevile viendelezi vya kupanga huwa na faili la mipangilio kwenye mzizi wa mradi, kwa kawaida jina lake linaanza na nukta. Lenyewe halidhuru kama hakuna wa kulisoma, ila kama ni la kikundi usilifute kabla hujazungumza na wenzako.

Kihariri kimetulia. Mafaili yaliyokwisha kuvurugwa je? Hili hukuliuliza, nami naliona zito kuliko ujumbe wa package.json, kwa kuwa ndilo linaloweza kukupotezea kazi kweli. Kama mradi uko kwenye git (programu ya kutunza historia ya msimbo), utashawishika kuandika "git restore ." na kurudisha kila kitu nyuma. Usiiandike. Itafuta upangaji, na itafuta pia msimbo uliouandika tangu mara ya mwisho ulipofanya commit (kuhifadhi hatua ya kazi ndani ya git) au git add, na haiulizi mara mbili. Tazama kwanza:

git diff -w

Herufi hiyo w inaiambia git ipuuze tofauti za nafasi. Utakachokiona ndicho ulichokibadilisha kweli. Kama tofauti za upangaji ni za nafasi tu, unaweza kuitenga kazi yako hivi:

git diff -w > kazi-yangu.patch

git stash

git apply --ignore-whitespace kazi-yangu.patch

Amri ya kwanza inaandika mabadiliko yako halisi kwenye faili, ya pili inaweka vyote pembeni bila kuvifuta, ya tatu inarudisha yale yako peke yake juu ya mafaili yaliyokuwa safi. Fanya hivi kwenye Git Bash. PowerShell inayokuja na Windows, toleo la 5.1, huandika faili la patch kwa usimbaji ambao git inaukataa, na utapoteza jioni nzima ukitafuta kosa lisilokuwepo kwenye msimbo wako. Faili likikataa kupachikwa, kazi yako bado iko salama kwenye stash. "Git stash pop" inairudisha ilivyokuwa, na nakala ya mradi uliyoweka pembeni iko palepale.

Kwa mafaili ambayo nukuu nazo zilibadilika, njia hiyo haitoshi, na kama hutumii git haikuhusu kabisa. Hapo tumia historia ya ndani ya VS Code. Tangu toleo la 1.66 la mwaka 2022, kila unapohifadhi faili kihariri hutunza nakala yake, hadi nakala 50 kwa kila faili, mradi faili lisizidi kilobaiti 256. Fungua faili, kwenye upande wa kushoto chini ya orodha ya mafaili fungua sehemu ya "Timeline", na utaona mistari ya saa na tarehe. Bofya mmojawapo uone tofauti. Ukipata ile ya kabla ya vurugu, bofya kulia uchague "Restore Contents". Nakala hizi ziko ndani ya %APPDATA%\Code\User\History. Umeona sasa kwa nini nilikukataza kufuta VS Code "nzima"? Ungefuta na zile folda nyingine, hizi nazo zingekwenda.

Uzito wa kufunguka nauachia hapa mwishoni kwa sababu simwamini mshukiwa wako. Kiendelezi kilichozimwa hakiendeshwi, hivyo hakiwezi kuchelewesha. Kwenye orodha ya amri andika "Developer: Show Running Extensions". Utaona kila kiendelezi kinachofanya kazi na milisekunde kilizotumia kuamka. Kama mmoja anatumia maelfu na wengine makumi, umempata. Kama hakuna anayejitokeza, jaribu kufungua kwa:

code --disable-extensions

Kikifunguka haraka, mkosaji ni kiendelezi. Kikiwa kizito vilevile, acha viendelezi utazame RAM, diski, na antivirusi. Ikiwa ni kiendelezi, kuna amri nzuri mno iitwayo "Help: Start Extension Bisect". Inazima nusu ya viendelezi, inakuuliza kama tatizo lipo, inachagua nusu yenye tatizo na kuigawa tena. Hata ukiwa na viendelezi ishirini na kitu, maswali matano hivi yanatosha kumtaja mmoja. Ni bora sana kuliko kuzima kimoja kimoja kwa kubahatisha.

Kiendelezi kikishatoka kisha kikarudi chenyewe, angalia vitu viwili. Cha kwanza ni Settings Sync. Kama uliingia kwa akaunti yako ya GitHub kwenye kompyuta ya maabara na ukachagua kuunganisha mipangilio, ya huku na ya kule huchanganyika. Cha pili ni profaili: VS Code inakuruhusu kuwa na profaili kadhaa (seti tofauti za mipangilio na viendelezi), na kusanidua kwenye moja hakukitoi kwenye nyingine. Wanaotumia WSL (Linux inayoendeshwa ndani ya Windows) wana folda nyingine tena upande wa Linux, ~/.vscode-server/extensions, nayo husafishwa ukiwa umeunganishwa huko.

Neno moja kuhusu usalama, maana hukutaja kiendelezi ni kipi. Kiendelezi cha VS Code kinaendeshwa kwa mamlaka yote uliyonayo wewe kwenye kompyuta hiyo. Kinaweza kusoma faili lolote unaloweza kulisoma, pamoja na .env yenye nywila na funguo zako za SSH. Kwa kile chenye jina linalofanana na la kiendelezi maarufu lakini mchapishaji tofauti, kusanidua ni nusu ya kazi. Badilisha nywila na tokeni zote zilizokuwa kwenye mashine. Soko la Microsoft huviondoa vinavyogundulika kuwa hatari, na kihariri hukiondoa hata kwa aliyekwisha kukisakinisha. Nao hukosea pia: Februari 2025 waliiondoa Material Theme iliyokuwa na mamilioni ya watumiaji, kisha wakairudisha na kuomba radhi.

Na swali lako la mwisho: ndiyo, unaweza kukisakinisha tena, ila si kwenye mazingira yako ya kila siku moja kwa moja. Tengeneza profaili ya majaribio:

code --profile Majaribio

Kisakinishe humo, kwenye nakala ya mradi, si mradi wenyewe. Kama toleo jipya ndilo lenye kasoro, bofya alama ya gia kando ya jina lake uchague "Install Specific Version", uchukue la nyuma; ukifanya hivyo kihariri hakitakisasisha chenyewe mpaka umruhusu. Na kabla ya kukipeleka kwenye mradi halisi, fanya commit ya kazi yako yote, kisha ruhusu kipange mafaili yote kwa mpigo mmoja na uifanyie commit yake peke yake, isiyo na mstari hata mmoja wa msimbo mpya. Msimamizi wako wa mradi akitaka kujua umebadilisha nini wiki hii, ataiona kazi yako bila kupekua maelfu ya mistari iliyosogezwa tu.